Mlango wa Moto Tulioushonea Vitambaa

Kanisa letu lilikuwa la mawe, na mimi niliamini, kama kila mtu niliyemjua, kwamba jengo la mawe haliungui. Tena huko Kericho mvua hunyesha karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Ukianika nguo asubuhi, unazianua zikiwa na maji mengi kuliko ulivyozianika. Nani angekaa akifikiria moto? Tulifikiria matope, tulifikiria mafua ya watoto, tulifikiria paa lililovuja juu ya kinanda. Moto ulikuwa kitu cha kumshukuru Mungu ukikubali kuwaka.

Nilifika huko kwa ndoa. Mume wangu alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha majani chai, nami nikatoka kwetu milima ya magharibi na sanduku moja na cheti cha kufundisha watoto wadogo. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Kanisa lilisimama kwenye kilima katikati ya mashamba ya chai, upande wa kwenda Kapkatet, na tayari lilikuwa la zamani. Waliolijenga walikuwa waumini wa kwanza kabisa wa sehemu ile, na wengi wao walikuwa wamezikwa nyuma yake. Jumapili lilikuwa la kila mtu. Jumatatu hadi Ijumaa lilikuwa langu, kwa sababu ndilo lililokuwa shule ya nasari. Kina mama waliokwenda kuchuma chai waliniachia watoto wao, zaidi ya sitini, wakashuka mashambani na vikapu vyao, nami nikabaki na kelele.

Ubavuni mwa kanisa palikuwa na jiko la mabati lililoshikamana na ukuta, na kati ya jiko na kanisa palikuwa na mlango mdogo wa mbao nyembamba. Uji ulipitia hapo saa nne. Mama mpishi wetu alikuwa na desturi ambayo kila nyumba ya huko ilikuwa nayo: kuni mbichi alizipanga kwenye uchaga juu ya meko ili zikauke kwa moshi. Bila hivyo, kwa mvua ile, ungepika kwa machozi tu. Wiki moja jua likatushangaza, likawaka siku nne mfululizo, na kuni zikakauka kuliko alivyozoea. Cheche moja ikaruka. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kuhesabu vidole nilipoona moshi ukiingia chini ya ule mlango mdogo, na kabla sijafika kumi mlango wenyewe ulikuwa unawaka.

Nilipiga kelele, "Nje!" Watoto walinitii, ndiyo maana nusura niwaue. Wote sitini walikimbilia mlango mkubwa wa mbele, na mlango ule ulifunguka kwa ndani. Waliokuwa mbele walisukumwa na walio nyuma wakaubana kwa miili yao, na mimi nikawa nawavuta mmoja mmoja kwa kola nikiwarusha nyuma kama magunia, nikipiga mayowe na kulia, mpaka nikapata nafasi ya kuvuta ubao upande mmoja. Walitoka wote. Hakuna aliyeungua. Watu wakapanda mbio kutoka mashambani wakauzima moto, ukawa umekula ule mlango mdogo tu. Lakini hadi leo, nikiwa na umri huu, sikai kwenye chumba kabla sijaangalia mlango unafunguka wapi.

Afisa wa kukagua majengo akaja kutoka Kericho mjini na kofia yake na daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkavu tu. Akasema nasari imefungwa tangu siku ile. Ili ifunguliwe, mlango mkubwa ufunguke kwa nje na uwe na kitu ambacho hata mtoto anaweza kukisukuma, na kati ya jiko na kanisa uwekwe mlango wa kisasa wa kuzuia moto, unaojifunga wenyewe bila mkono wa mtu. Angerudi baada ya wiki sita. Akikuta bado, angefuta ruhusa ya nasari moja kwa moja.

Mimi ningerudi nyumbani kupika, hilo halikunitisha sana. Lakini kulikuwa na mama mmoja, jirani yangu wa nyumba za wafanyakazi, mjane aliyetoka upande wa ziwani, mwenye mtoto mmoja wa miaka mitatu. Hakuwa na dada wala mama mkwe wa kumwachia. Sasa alimbeba mtoto mpaka shambani, akamkalisha kati ya mistari ya chai juu ya gunia, akamfunika na mfuko wa plastiki wa mbolea mvua ikianza. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu akiuliza, "Mwalimu, wamesemaje?" Kila asubuhi mtoto alikuwa anakohoa zaidi. Nyapara alikuwa amemwambia kwamba wiki sita zikiisha, achague: mtoto au kazi. Nilijitolea nibaki naye nyumbani kwangu, nikabaki naye siku mbili, halafu mlangoni kwangu wakasimama watoto wengine kumi na tisa. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja.

Wazee wa kanisa wakaketi. Wazee wetu walipoketi, waliketi kweli. Mlango mdogo haukuwa na mwenyewe wa kuutetea, kuubadilisha huo wakakubali. Mlango mkubwa ndio ulioleta shida. Ulikuwa vipande viwili vya mbao za mutarakwa, mti wenye harufu nzuri, vilivyochongwa kwa tezo na mmoja wa wale waumini wa kwanza, na bawaba zake zilifuliwa kutoka kwenye chuma cha gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Ukiweka pua karibu na mbao, miaka yote hiyo baadaye, bado zilinukia. Mzee mmoja akapiga meza: "Hii mlango iliwekwa na watu wa kwanza. Haitoki. Heri nasari iende mahali ingine." Nilikuwa nimeketi nyuma kuandika kumbukumbu za mkutano, na nilitaka kumwuliza mahali pengine ni wapi, kwenye majani chai? Nililiandika tu neno lake kwa kalamu nzito mpaka karatasi ikatoboka.

Fundi alipatikana kupitia mume wangu. Alikuwa seremala mkuu wa karakana ya kiwanda, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye kusema kidogo na kuvaa tai hata akiwa na randa mkononi. Hakuwa hata wa dhehebu letu. Wao walisali Jumamosi, na wazee walilitaja hilo mara tatu. Lakini kiwandani, kati ya ghala la kuni na chumba cha kukaushia majani, alikuwa ameweka mlango wa kuzuia moto kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna mwingine katika mashamba yale aliyejua kazi hiyo. Meneja akamruhusu aje kwetu alasiri na Jumapili.

Siku ya kwanza hakufungua hata sanduku la vifaa. Aliutazama mlango mkubwa kwa ndani, akatoka akautazama kwa nje, akapitisha kiganja juu ya mbao kutoka juu hadi chini. Mvua ikaja ikamkuta hapo nje, akaendelea. Mwishowe akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyechonga yuko?"

Nikamwambia alikwisha kufa, lakini mkewe yupo.

"Basi tuende kwa mkewe."

Mkewe alikuwa bibi kizee ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima kuliko yangu. Tukamkuta akipukuchua mahindi. Fundi akachuchumaa mbele yake, tai na yote, akamsalimu, akasema, "Kogo, sitaki kutoa mlango ya mzee. Nataka kuigeuza tu, ifunguke nje. Mbao ni ile ile, bawaba ni ile ile. Lakini siwezi kugusa kama hujasema."

Kogo alipukuchua gunzi lote kabla ya kujibu. "Mzee alifanya ifunguke ndani na sababu," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Alisema, mgeni akija, mlango isimsukume. Irudi nyuma, imwachie nafasi."

Mimi nilikata tamaa papo hapo. Fundi akatafuta kijiti, akachora ardhini ukuta wa kanisa na mlango. "Angalia, Kogo," akasema, halafu akakumbuka macho yake, akachukua mkono wake na kuupitisha juu ya mchoro. "Ukianza ibada, mlango inafunguka mpaka inalala kwa ukuta wa nje. Nitaweka kulabu ya kuishika. Mgeni akifika hakuna mlango mbele yake. Hakuna kitu ya kumsukuma. Na watoto wakikimbia, pia hakuna kitu ya kuwazuia."

Kogo akauliza, "Hao watoto walibanwa kweli?"

"Walibanwa," nikasema. "Mimi ndiye niliyewavuta."

Akarudi kwenye mahindi yake. "Mzee angegeuza yeye mwenyewe," akasema. "Geuza."

Hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kupinga neno hilo. Fundi aligeuza ule mlango kwa Jumapili mbili. Bawaba za mkokoteni alizisugua kutu akazirudisha, na matundu ya zamani kwenye mbao aliyaziba kwa vigingi vya mutarakwa ule ule, hata ukitafuta huoni. Lakini kitu kilichonishangaza kabisa ni upau wa kusukuma, ubao mwembamba uliokingama upande wa ndani, ambao ukisukumwa mlango unafunguka. Afisa alikuwa amesema uwe pale mkono wa mtu unapofika. Fundi akaniambia nimletee watoto. Akawapanga mstari, akatafuta aliye mfupi kuliko wote, kasichana kenye kamasi kasikofika hata kiunoni kwangu, akakaambia kasukume ubao kwa nguvu zake zote. Pale viganja vyake vilipogusa akapiga chaki. Upau ukawekwa hapo. Watu wazima tulilazimika kuinama kila tulipotoka, na wazee wakanung'unika, naye akawajibu kwamba wao wana magoti.

Mlango wa pili ulinifundisha kwamba sikuwa nimewahi kuona kazi ya mikono. Nilidhani mlango wa kuzuia moto ni chuma kitupu. Kumbe ndani ni mbao! Alipanga mbao tabaka tatu, moja wima, moja ya kulala, moja wima tena, akazigongomea misumari na kuikunja ncha upande wa pili. Kisha akauvalisha bati kila upande, na bati hakuliunga kwa risasi ya kulehemu kama watu wa kutengeneza karai, kwa sababu risasi huyeyuka. Alikunja ukingo wa kila bati ndani ya ukingo wa jingine, akagonga kwa nyundo ya mti, polepole, siku baada ya siku, mpaka mlango mzima ukawa hauna mahali hewa inapoweza kupenya. "Mbao ikikosa hewa haiwaki," aliniambia. "Inakuwa makaa tu, na makaa inachukua muda. Muda ndio unataka."

Mzee yule aliyepiga meza hakuamini. Fundi akamtengenezea mlango mdogo wa ukubwa wa slati ya shule, tabaka tatu na bati lake. Akauweka juu ya jiko la makaa lililowaka vizuri mbele ya wazee wote, akaweka kiganja chake juu. Akakaa hivyo, akizungumza habari za mvua na bei ya mahindi, mpaka chai iliyokuwa mezani ikapoa. Halafu akamwomba mzee aweke chake. Mzee akaweka. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kufika kila alasiri kumshikia mbao.

Mlango uliotimia ulining'inizwa upande wa jikoni, juu ya reli iliyoinama kidogo, hivi kwamba ukiuachilia unateremka wenyewe na kuziba njia. Kilichouzuia usiteremke ni kipande kizito cha chuma kilichoning'inia kwa waya, na katikati ya waya kulikuwa na kiungo kidogo cha madini laini. Kiungo kile kikipata joto la moto kinakatika, chuma kinaanguka, mlango unajifunga. Hakuna mtu wa kuamka, hakuna mtu wa kukumbuka.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Jumamosi kabla ya afisa kurudi, sisi wanawake wa kanisa tulikwenda kufanya usafi. Tukasimama mbele ya ule mlango wa bati tukautazama. Ulikuwa bati tupu lenye alama za nyundo. Mama mwenyekiti wetu akasema unafanana na kifuniko cha pipa, na afisa anakuja kutoka mjini atasema sisi ni watu gani. Mtu asiyeijua sehemu ile ya nchi huenda asielewe. Kwetu, kitu kizuri hakikai uchi. Kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na kwenye mikono, redio ilikuwa na kitambaa, meza, chupa ya chai, picha ya harusi, vyote vilivalishwa. Tulikuwa tunaupenda mlango ule. Tukauvalisha.

Tulishona Jumamosi yote na Jumapili baada ya ibada. Vitambaa viwili vikubwa, kimoja kila upande, vikafungwa kwa riboni juu na pembeni. Kile cha upande wa kanisa kilikuwa cha mama mwenyekiti, chenye maua na ukingo wa kuroshea uliofumwa kwa uzi. Changu kilikuwa na njiwa wawili wa buluu na neno KARIBU, na niseme kweli kilikuwa kizuri kuliko chake. Walikiweka upande wa jikoni, kwenye masizi. Nilinuna njia yote ya kurudi nyumbani.

Jumatatu fundi na afisa walifika karibu pamoja. Watoto walikuwa wameitwa waonyeshe mlango mkubwa. Afisa akapiga filimbi, kale kasichana kakasukuma upau, na wote wakamwagika kwenye majani yenye umande kabla afisa hajashusha filimbi mdomoni. Akaandika. Nikaona amekaribia kutabasamu. Kisha akaingia jikoni.

Alisimama mbele ya njiwa wangu. "Hii ni nini?"

Ndipo nikaona. Nilikuwa nimemsikia fundi akieleza kila kitu, wiki zile zote, na sasa tu, nikimtazama afisa anavyotazama, ndipo nilipoona kwamba tumeuvalisha mlango wa kuzuia moto nguo ya kuungua. Tena kitambaa cha mama mwenyekiti kilikuwa kimejikunja kati ya mlango na ukuta, na ule ukingo wake wa kuroshea ungeukwamisha mlango njiani. Afisa akageuza ukurasa mpya. Kwenye mlango wa nje wa jiko, kati ya wanawake wengine, alisimama yule mjane akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa ameacha kuchuma siku hiyo aje asikie kwa masikio yake. Nilishindwa kumtazama.

"Hiyo ni ya testi, bwana," fundi akasema.

Afisa akainua kichwa.

"Mlango haiwezi kupimwa kwa maneno. Niliambia hawa kina mama washone kitu ya kuwaka." Akatoa kisu mfukoni, akakata riboni za upande wa kanisa, akakivuta kitambaa cha mama mwenyekiti taratibu bila kukichana, akakikunja mara mbili, akampa mwenyewe. Kisha akanigeukia mimi, na akanitazama kwa muda, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa.

Akatutoa wote jikoni, akaweka ndoo mbili za maji karibu. Afisa na wazee wakaingia kanisani, nasi tukasimama nyuma yao. Fundi akachukua kijinga cha moto mekoni, akakigusisha kwenye pindo la kitambaa changu. Njiwa walishika moto haraka, na buluu ikawa kijani kabla ya kuwa nyeusi. Tukasikia kipande cha chuma kikianguka sakafuni, na mlango ukateremka kwenye reli yake bila haraka, ukaziba njia. Fundi alikuwa bado upande wa pili.

Afisa akaweka kiganja kwenye bati. Akauhamisha juu, akauhamisha chini, akakaa nao pale. Kanisani hamkuwa na moshi wa kuwasha jicho. Baada ya muda fundi akatokea kwa mlango wa mbele, masizi kwenye tai, akauliza, "Bwana, ni baridi?"

"Ni baridi," afisa akasema, akaandika, akatia sahihi.

Afisa akaondoka. Mama mwenyekiti, ambaye sikuwahi kumwona akishindwa kusema, alijaribu kumshukuru fundi, akaishia kulia. Fundi akamwambia, "Mmeshona vizuri, mama. Imeshika moto haraka kabisa." Tukacheka mpaka wengine wakaketi chini. Baadaye, akipanga vifaa vyake, nilimwambia alikuwa amesema uongo ndani ya kanisa, na si hata kanisa lake. Akasema anajua, ataungama kwao Jumamosi. Halafu akasema, "Pole kwa ndege zako, Mwalimu." Nimepewa vyeti na saa ya kustaafu katika maisha yangu, na hakuna hata kimoja nilichokipokea kwa moyo uliojaa kama siku ile niliyounguziwa kitambaa.

Kesho yake, fundi akiwa ameshafunga kiungo kipya kwenye waya, nasari ikafunguliwa. Kina mama walikuja, lakini hawakuondoka upesi. Walisimama kwenye majani, wakashuka hatua chache, wakageuka kutazama kanisa, wakashuka tena, wakageuka. Mjane alikuja wa mwisho. Hakunisalimu. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akainama akausukuma upau kwa viganja vyake mwenyewe, akatoka nje, akaingia tena. Akaenda hadi kwenye mlango wa bati, akauachilia kwenye reli, akausikiliza ukijifunga, akaurudisha. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akauweka mkono wake mdogo ndani ya wangu. Mtoto alikuwa bado na joto la homa.

"Leo nitachuma mpaka jioni," akaniambia.

Akaweka kikapu mgongoni, akashuka kuelekea kwenye chai. Mtoto na mimi tulisimama pale tukimtazama mpaka akaingia kati ya mistari, na hakugeuka nyuma hata mara moja.